Foto ya nkambo haijamaliza kusema



Juma hili tunaleta kazi isiyodai hata franka moja. Nyumba nyingi hapa Lubumbashi, na Likasi, na Kolwezi, zina foto za zamani mahali fulani: ndani ya valizi chini ya kitanda, katikati ya kurasa za Biblia, ndani ya bahasha ya makaratasi ya kazi ya baba. Siku ya kilio tunazitoa, tunachagua moja ya kupeleka kwa mpiga foto ili aikuze, kisha tunazirudisha mahali pake. Kati ya kilio na kilio hakuna anayezitazama. Tunataka kuonyesha namna foto hizo zinavyoweza kumfundisha mtoto kuandika, na namna mtoto anayeandika anavyoweza kuokoa mambo ambayo jamaa iko karibu kuyapoteza.

Mtoto anaogopa ukurasa mweupe

Sisi walimu tunazijua kaye za watoto wenu. Tukitoa kazi ya kuandika, "Eleza likizo yako", tunapokea kaye 50 zenye likizo moja. Wote wamepanda ndege, wote wameona simba, wote wamekula kuku wa kukaanga. Mtoto ambaye likizo nzima alibeba maji na kuuza ndizi pamoja na mama yake anaandika juu ya ndege, kwa sababu anafikiri maisha yake hayafai kuandikwa. Na yule asiyejua kubuni ndege anabaki akiuma biki mpaka kengele inalia.

Mtoto huyo ana akili. Kile anachokosa ni kitu cha kushika. Ukimwambia "andika juu ya nkambo yako", umempa pori zima bila njia. Ataandika: "Nkambo yangu ni mzuri. Ananipenda. Nami ninampenda." Kisha amekwisha.

Foto inampa kitu cha kushika. Ina kona nne, na ndani ya kona hizo mambo yanahesabika: viatu vinne, kiti kimoja, saa moja kwenye mkono, mtoto mmoja anayetazama kando wakati wenzake wote wanatazama mbele. Mtoto hatafuti mawazo hewani. Anasoma kilicho mbele ya macho yake kama anavyosoma ubao. Tena, foto ya jamaa haina jibu kwenye kitabu cha mwalimu. Mtoto wa mwisho kwenye kalasi anaweza kuona kitu ambacho wa kwanza hakukiona. Tumeona watoto ambao hawakuwahi kujaza mistari mitano wakijaza ukurasa na nusu kwa sababu ya foto moja.

Kwanza macho, kisha kinywa, kisha biki

Chagua foto moja tu. Rundo la foto linamfanya mtoto akimbie kutoka moja kwenda nyingine bila kuona kitu. Iweke mezani penye mwanga, mikono ikiwa imenawiwa. Kwa mtoto wa miaka kumi, saa moja inatosha kwa kazi yote.

Hatua ya kwanza ni kutazama bila kusema. Hesabuni polepole mpaka 60. Kisha kila mmoja aseme kinachoonekana, akianza na neno "Naona". Naona mwanamke amesimama. Naona kikwembe chenye ndege. Naona mkono wa kuume umefunga ngumi. Mtoto akisema "Naona ana furaha", mrudishe kwa upole: furaha haionekani, meno ndiyo yanaonekana. Mama, usimwambie bado watu hao ni nani. Ukisema haraka "Huyu ni nkambo wa Kolwezi", macho yake yanafungwa hapo.

Hatua ya pili ni kuuliza, kwa neno "Najiuliza". Maswali kumi, na mtoto ayaandike yote bila kutafuta majibu. Kwa nini ameweka mkono juu ya radio? Radio ni yake ao ya mpiga foto? Kwa nini hakuna anayecheka? Swali hili la mwisho watoto wote wanaliuliza, kwa sababu wao wamezoea foto za telefone, ambako mtu anapiga mara 20 na kufuta 19. Waambieni kwamba zamani foto ililipiwa moja moja, watu walivaa nguo za siku kubwa, walisimama wima bila kutikisika, na uso mzito ulikuwa uso wa heshima.

Hatua ya tatu ni kutoka nje ya kona nne. Nani alishika mashine ya foto? Nani hayumo, naye alikuwa wapi? Dakika moja kabla, watu hawa walikuwa wakifanya nini? Kulikuwa na harufu gani: makala, samaki, mafuta ya nywele? Nani alilia foto ilipokwisha kupigwa? Hapa ndipo hadithi inapoanzia.

Hatua ya nne ni kuchagua sauti. Mtoto anaandika kama mmoja wa watu walio kwenye foto, ao kama kitu kilichomo: kiti, kikwembe, radio. Watoto wadogo wanapenda vitu. Mmoja wa kalasi ya tano aliandika hivi: "Mimi ni kiatu cha kuazima. Leo asubuhi nilikuwa kwenye mguu wa jirani. Mguu huu mpya ni mkubwa, ninaumia, lakini wameniambia nivumilie mpaka mpiga foto amalize." Hapo mna umasikini, mna heshima, mna siku kubwa ya jamaa, na mtoto hakutaja hata kimoja kwa jina lake.

Mtu atauliza: aandike kwa lugha gani? Aandike kwa lugha ambayo nkambo anazungumza naye. Kama ni Kiswahili cha nyumbani, kiwe hicho. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe inatambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia katika masomo ya mwanzo. Mtoto aliyekwisha kupata la kusema kwa Kiswahili atalibeba mpaka kwenye Kifaransa, na kazi itakayobaki ni kutafuta maneno. Lakini mtoto asiye na la kusema, hata ukimpa kamusi nzima ya Kifaransa, ataandika juu ya ndege.

Foto inaficha mwaka wake ndani ya nguo

Kazi ya kutafuta mwaka wa foto inawapendeza sana watoto wakubwa, wa kalasi ya tano na kuendelea. Wanakuwa kama wapelelezi, na somo la historia linaingia bila kupiga mlango.

Anzeni nyuma ya foto. Mara nyingi kuna muhuri wa mpiga foto, ao neno lililoandikwa kwa mkono. Kama muhuri unasema Élisabethville ao Jadotville, foto huenda ni ya wakati wa Wabelgiji, ao ya miaka ya kwanza ya uhuru, maana mji wetu ulianza kuitwa Lubumbashi mwaka 1966. Kama kumeandikwa Zaire, ni kati ya mwaka 1971 na mwaka 1997.

Kisha tazameni nguo. Mwanaume aliyevaa abakosti, koti lisilo na karavati, yuko huenda katika miaka ya 1970 ao ya 1980, kwa sababu Mobutu alikataza karavati mpaka mwaka 1990. Mwanamke wa wakati huo yuko kwenye kikwembe: patalo na nywele za bandia zilikatazwa kwa jina la otantisite. Tazameni na majina. Tangu mwaka 1972 watu waliacha majina ya ubatizo kwenye makaratasi, hivi kwamba nkambo mmoja anaweza kuwa Marie nyuma ya foto moja, na kuwa na jina la kwao nyuma ya nyingine. Mtoto anayefikiri kwamba hao ni watu wawili ana haki ya kuuliza, na swali lake linafungua mlango mkubwa.

Rangi nayo inasema. Foto nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka nyekundu, kwa sababu rangi ya samawati iliyomo ilikufa mbele ya zingine. Watoto wengi wanafikiri zamani dunia ilikuwa hivyo. Ni vizuri kuwaambia kwamba anga ya wakati ule ilikuwa ya bluu kama hii yetu.

Kaye moja, pande mbili

Sasa tufike kwenye jambo zito. Kubuni ni kuzuri, lakini foto ya jamaa si mchezo mtupu. Ndani ya foto kuna ndoa ya kwanza ya mtu, kuna mtoto aliyezaliwa nje, kuna ndugu waliogombana juu ya nyumba. Mtoto akiandika kwamba yule mwanaume mwenye kofia ni "bwana wa siri wa nkambo", na kaye ikasomwa mbele ya mashangazi, mmeleta vita nyumbani.

Kwa hiyo tunawafundisha watoto kugawa kaye. Ukurasa wa kushoto ni "Tulivyowaza": hapo mtoto anabuni anavyotaka. Ukurasa wa kuume ni "Tulivyosikia": hapo anaandika tu yale aliyoambiwa, pamoja na jina la aliyemwambia na tarehe. Pande hizi mbili hazichanganywi. Kufikia kalasi ya sita, mtoto aliyezoea kazi hii anajua tofauti kati ya kuwaza na kushuhudia. Tunafikiri kuna watu wazima wengi, hata kwenye radio, ambao somo hilo lingewafaa.

Mpango uende hivyo: kushoto kwanza, kuume baadaye. Mtoto abuni, kisha apeleke foto kwa mzee na kumuuliza. Akianza na mzee, hatathubutu kubuni tena. Akianza na kubuni, anakwenda kwa mzee na maswali ya kweli, na mzee anaona kwamba mtoto ameitazama foto kabisa.

Tuwaelezee jambo lililotokea katika kalasi yetu ya sita. Msichana mmoja alileta foto ya wasichana wawili waliosimama mbele ya nyumba ya kambi ya kumpuni, wote na gauni za kitambaa kimoja. Nyumbani wote walijua kwamba mmoja ni nkambo. Yule wa pili, kila mtu alisema "rafiki fulani". Msichana alibuni hadithi ndefu ya marafiki wawili na cherehani moja. Kisha akaipeleka foto kwa nkambo, akauliza: "Nkambo, kwa nini rafiki yako ameshika nguo yako kwa nyuma?" Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameviona vidole vile.

Nkambo alinyamaza. Kesho yake akamwita mtoto, akasema: "Huyo si rafiki. Ni mdogo wangu. Alikuwa anaogopa mashine ya foto." Akataja jina. Yule mdogo alikufa kwa ugonjwa mwaka uleule, mama yao akakataza jina lake lisitajwe nyumbani kwa sababu ya uchungu, na kwa miaka zaidi ya 60 halikutajwa. Mama wa mtoto huyu, mwenye miaka 40, hakujua kwamba alikuwa na mama mdogo. Miezi michache baadaye nkambo alituacha. Leo jina lile liko mahali pamoja tu: kwenye ukurasa wa kuume wa kaye ya kurasa 48. Hatuliandiki hapa, ni la jamaa. Tunawaachia ninyi wamama mfikiri ni majina mangapi yamezikwa hapa mjini kwa kukosa mtoto mwenye swali.

Foto zilizopigwa na wengine

Kuna foto za zamani ambazo hazikutoka kwenye jamaa. Watoto wanaziona kwenye vitabu, kwenye kalenda, kwenye telefone: wanawake wa kambi kwenye cherehani za foyer social, wafanyakazi wa Union Minière wamepangwa mistari wakingoja posho, mwanamke mwenye nywele za kusuka ambaye chini yake wameandika tu kabila lake. Foto nyingi kati ya hizo zilipigwa ili kuwaonyesha watu wa Ubelgiji kwamba mambo ya koloni yanakwenda vizuri. Aliyesimama mbele ya mashine hakuulizwa jina.

Foto hizo pia zinafaa kwa kuandika, na kwa watoto wakubwa zinafaa sana. Swali la hatua ya tatu linapata uzito mpya: nani alishika mashine, naye alitaka tuone nini? Kazi ni kumrudishia aliyepigwa foto sauti yake. Mtoto aandike: "Mnaniona nimeketi kwenye cherehani. Kile msichokiona ni..." Tulipotoa sentensi hiyo, kijana mmoja alimaliza hivi: "...ni mtoto wangu mwenye homa ambaye nimemwacha kwa jirani, maana leo wageni wanakuja na wanataka tucheke."

Tofauti ya foto yenye jina na foto isiyo na jina inaonekana wazi kwenye foto moja ya mwaka 1904, inayojulikana dunia nzima. Mmisionari Mwingereza, mwanamke, Alice Seeley Harris, alikuwa Baringa, upande wa Equateur, wakati wa kaucho cha mfalme Léopold. Mwanaume alifika akiwa amebeba kwenye jani mkono na mguu wa mtoto wake aliyeuawa na walinzi wa kumpuni ya kaucho. Mama huyo alipiga foto, na majina yakaandikwa: baba ni Nsala, wa kijiji cha Wala, mtoto ni Boali, msichana wa miaka kama mitano. Foto zake zilionyeshwa katika mikutano mingi Uingereza na Marekani, zikasaidia sana kuamsha watu, na mwaka 1908 Léopold alilazimika kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Hatusemi muwaonyeshe watoto wadogo foto hiyo. Ingojee umri wake. Lakini ninyi wamama mjue: kwa sababu majina yaliandikwa, tunaweza leo kumlilia Boali kama mtoto wa mtu, badala ya kusema tu "mmoja wa waliouawa".

Wakongo wenyewe nao walishika mashine. Joseph Makula alikuwa kati ya Wakongo wa kwanza kuajiriwa na serikali ya koloni kama wapiga foto. Na hapa kwetu, Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alichukua watu wa foto za zamani za kumpuni, nyeusi na nyeupe, akawasimamisha ndani ya foto zake mwenyewe za viwanda vilivyoharibika. Kazi hiyo inaitwa "Mémoire". Ukiitazama unaona mfanyakazi wa zamani amesimama mahali alipofanyia kazi, na mahali penyewe pamekuwa gofu. Kwa jamaa za mji huu, ambako mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliacha kazi Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, foto ya baba mwenye kofia ya kazi si foto ya kawaida. Baba wengine hawataki itolewe. Mtoto aombe ruhusa kwanza. Baba akikataa, kaye ingoje.

Wazee wetu walilijua jambo hili

Msifikiri kwamba tunaleta mambo ya kizungu. Katika miaka ya 1970 salo nyingi za Lubumbashi zilikuwa na michoro ukutani: mamba-muntu, vita vya ukombozi, askari wa koloni anayempiga mfungwa mjeledi chini ya bendera ya Ubelgiji. Watu waliita michoro hiyo ukumbusho. Mgeni akiingia, alitazama ukuta, akauliza, na mazungumzo yalianza. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha karibu 100, na mwaka 1973 na 1974 alizieleza moja moja kwa Kiswahili cha hapa mbele ya mwalimu Johannes Fabian, ambaye alizitia kitabuni. Hata mbele yake, mwaka 1965, watu waliofanya kazi ya uboyi katika nyumba za wazungu walitoa historia ya mji wetu kwa Kiswahili, kwa mkono wa André Yav. Hawakungoja profesa aje kuwaandikia.

Kwa hiyo picha kwetu ni kitu cha kuamsha kinywa. Sisi tunaongeza biki tu.

Na wale wasio na foto

Kuna mama anayesoma hapa na moyo wake unauma, kwa sababu nyumbani kwake hakuna hata foto moja. Nyumba iliungua. Mvua ilitoboa mabati. Walikimbia vita usiku, na usiku huo mtu anabeba mtoto na sufuria, habebi alibamu. Kuna waliotoka Goma, ambako moto wa Nyiragongo wa Januari 2002 ulifunika kartie nzima na kila kitu kilichokuwa ndani ya valizi.

Wamama hao wasiachwe nje ya kazi hii. Kwao kuna zoezi ambalo labda linapita mengine yote: foto iliyopotea. Mama anafunga macho, mtoto anaandika. Mama anasema: "Upande wa kushoto kuna baba yangu. Ameshika kofia mkononi kwa sababu jua limekwisha. Mimi niko mbele, nina miaka saba, goti langu lina kidonda." Mtoto anauliza kama mbele ya foto ya kweli: nyuma yenu kuna nini? Kikwembe cha mama ni cha rangi gani? Nani hayumo? Mwishoni mtoto anachora kona nne kuzunguka maneno hayo, na foto imerudi nyumbani. Hata foto ambayo haikupigwa kamwe inaweza kupigwa hivyo. Tumewaona wamama wakilia katika zoezi hili. Mama akilia, mtoto asimame, aweke biki chini, ashike mkono wa mama yake. Kaye itaendelea siku nyingine, ao haitaendelea. Hakuna zoezi linalostahili kumtesa mtu.

Kwa vikundi vyetu

Siku ya likelemba, mkimaliza kuhesabu, kila mama aje na foto moja. Zichanganyeni mezani, kila mmoja achukue ya mwenzake, aitazame, aseme "Naona" na "Najiuliza". Kisha mwenye foto ajibu anavyotaka. Asiyejua kuandika aseme tu. Msichana mmoja wa kikundi aandike maneno yake kama yalivyotoka, kisha amsomee. Mama anayesomewa maneno yake mwenyewe kutoka kwenye karatasi anaelewa kwa dakika moja kuandika kunafaa nini, na wengine wameomba kuanza masomo ya kusoma kwa sababu hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa: mama mwenye foto, mzee mwenye habari, mtoto mwenye biki, wote watatu wanahitajiana.

Neno la mwisho ni juu ya kutunza. Nyuma ya foto andikeni kwa kalamu ya risasi bila kukandamiza, kwa sababu wino wa biki unapenya na kalamu inaacha alama upande wa uso. Msibandike gundi wala skochi. Msiiweke ukutani penye jua, wala chini penye unyevu na panya. Bahasha ya karatasi ndani ya sanduku kavu inatosha. Kama kuna telefone nzuri nyumbani, pigeni foto ya foto hiyo karibu na dirisha, bila taa ya telefone, mbele na nyuma, kisha mtumie ndugu wa mji mwingine. Nyumba mbili haziungui siku moja.

Kazi ya juma hili

Leo ao kesho jioni, baada ya bukari, toeni foto moja. Mtu mmoja tu aliye hai awe anajua walio ndani. Fanyeni hatua nne. Mtoto aandike kushoto mistari kumi, kisha aende kwa yule mtu na kuandika kuume anayosikia. Kabla ya yote, andikeni majina nyuma, kutoka kushoto kwenda kuume, pamoja na mahali na mwaka kama unajulikana. Kama mtu wa kuulizwa ni mzee, msingoje mwisho wa mwezi.

Wale watakaopenda watuletee kaye kwenye mkutano wa Jumamosi. Tutazisoma pamoja, kwa ruhusa ya jamaa. Juma lijalo tutazungumza juu ya namna ya kumsaidia mtoto anayechanganya herufi. Mbaki na amani.